EAT-3 au EAT+3? Kutatua saa zinazopotoka kwa sababu ya vifupisho vya kanda za saa

Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, EAT ni saa za Afrika Mashariki, saa 3 mbele ya UTC (saa ya dunia ambayo kanda zote hupimwa kwayo), basi. Kwa kompyuta herufi hizo tatu hazina maana yoyote mpaka programu iwe imeambiwa ifuate kiwango gani. Viwango vyenyewe viko kadhaa, havipatani, na baadhi ya sentensi zake zinasomeka kwa namna mbili. Hapa nimekusanya matatizo yanayonifikia mara kwa mara kwenye seva, kontena na barua pepe. Naanza na lile linalojificha zaidi kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, na ndilo nitakalolichambua kwa urefu.

Kabla ya kugusa kitu, fungua terminali uandike:

date '+%H:%M %Z %z'

%Z inakupa kifupisho. %z inakupa tofauti na UTC ambayo mashine inaitumia kweli. Kifupisho ni lebo tu, mtu yeyote anaweza kuibandika juu ya saa yoyote. Vikigombana, %z ndiyo inayokuonyesha kilichotokea.

Katika mifano yote chukulia kwamba ni Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Yaani 15:20 kwetu, 12:20 kwa UTC.

Dalili: saa iko nyuma kwa saa 6 kamili, na lebo inasema EAT

Matokeo yanakuwa hivi:

09:20 EAT -0300

Sababu yake ni mtu aliyeandika TZ=EAT+3 (TZ ni mpangilio unaoiambia mashine ifuate ukanda gani wa saa). Alifikiri kama anavyofikiri kila mtu: sisi tuko saa 3 mbele, basi ni kujumlisha 3. Kiwango cha POSIX, ambacho Linux na ndugu zake wanakifuata kwa sehemu hii, kinasema kinyume. Kinaeleza namba hiyo kuwa ni thamani inayoongezwa kwenye saa ya mahali ili kuipata UTC. Soma tena taratibu: unaanzia na saa yako, unafika UTC. Kwetu 15:20 lazima ipungue 3 ndipo ifike 12:20, kwa hiyo maandishi sahihi ni EAT-3. Kujumlisha ni kwa nchi zilizo magharibi ya Greenwich.

ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, pamoja na viwango vya barua pepe vinapima upande mwingine: vinaanzia UTC kuja kwako, na kwao sisi ni +03:00. Kila kimoja kiko sahihi ndani ya ukurasa wake. Tatizo linaanza pale mtu anapochukua namba kutoka kimoja na kuipeleka kwenye kingine.

Sasa angalia jambo linalotuhusu sisi hasa. Kosa hili linatoa saa 6, wala si 3, kwa sababu umetoka upande mmoja wa Greenwich ukaenda upande wa pili kwa umbali uleule. Na saa 6 ndiyo tofauti kati ya saa ya kimataifa na saa ya Kiswahili. Mashine inaposema 09:20 wakati ni saa tisa na dakika ishirini alasiri, Mswahili anayeitazama anaona 9 na anaridhika.

Niliwahi kuitwa kwenye bekari moja ambayo mfumo wake wa risiti ulikuwa umefungwa na fundi mwingine. Mhasibu alikuwa analia kwamba malipo ya simu hayalingani na risiti. Nikamwonyesha dada wa kaunta risiti iliyoandikwa 09:20, akanijibu bila kusita: "Kaka, mashine iko sawa, si saa tisa na ishirini hii?" Hakukosea kusoma. Risiti ilikuwa inaandika saa ya Kiswahili kwa bahati mbaya, na wafanyakazi wote walikuwa wameizoea kwa wiki kadhaa. Aliyeumia ni mhasibu peke yake, kwa sababu taarifa za malipo ya simu zilikuwa zinasema 15:20.

Kilichofichua kosa hasa ni tarehe. Bekari inaanza kuuza kwa mawakala saa kumi alfajiri. Saa hiyo, mashine yenye EAT+3 inaandika 22:00 ya jana. Mauzo yote ya alfajiri ya tarehe 1 yalikuwa yameingia kwenye mwezi uliopita. Kwa hiyo ukishuku kosa la namna hii mahali ambapo watu wanahesabu saa kwa Kiswahili, usiwaulize kama saa iko sawa. Tafuta kazi iliyofanyika kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, utazame imeandikiwa tarehe gani.

Tiba ni kuacha kabisa kuandika namba. Weka TZ=Africa/Dar_es_Salaam, au Africa/Nairobi, au Africa/Kampala. Kwenye hifadhidata ya kanda za saa inayosambazwa na IANA, Dar es Salaam na Kampala ni viungo vinavyoelekeza Nairobi, kwa hiyo matokeo ya leo ni yaleyale. Chagua mji wako ili anayekuja baada yako aelewe. Kama kifaa ni kidogo na hakina hifadhidata hiyo, andika EAT-3 na uache maelezo pembeni kwamba alama ya kutoa ni ya makusudi, la sivyo msaidizi wako ataisahihisha kwa nia njema.

Mtego huohuo umo kwenye Etc/GMT-3, ambayo ndiyo yetu, na Etc/GMT+3, ambayo si yetu. Umo pia kwenye PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data: ukiandika AT TIME ZONE 'UTC+3', inaisoma kwa desturi ya POSIX na inakupeleka magharibi.

Dalili: saa iko nyuma kwa saa 3, na lebo bado inasema EAT

12:20 EAT +0000

Hapa mtu ameandika TZ=EAT, bila namba. Haimo faili yenye jina EAT kwenye hifadhidata ya kanda za saa, ingawa EST na EET zimo, na jambo hili linawapotosha wengi. Maktaba ya glibc, ambayo programu nyingi za Linux zinaitegemea, inapokosa faili inajaribu kuyasoma maandishi yako kwa kanuni ya POSIX. Inakuta herufi tatu, inazikubali kuwa ni kifupisho, kisha haikuti tofauti yoyote. Badala ya kukukatalia inakupa UTC na kuibandika lebo uliyoitaka. Hakuna onyo. Naliona hili kuwa baya kuliko kosa la wazi, kwa sababu lebo inakuhakikishia kitu ambacho hakipo.

Dalili: lebo ni neno "Africa"

12:20 Africa +0000

Ukiona hivi, usipoteze muda kwenye mipangilio. Jina uliloandika, Africa/Nairobi, ni sahihi, ila kontena yako (mazingira yaliyofungwa ya kuendeshea programu) haina kifurushi cha tzdata, chenye ile hifadhidata ya kanda za saa. Hifadhidata haikupatikana, glibc ikasoma herufi mpaka ilipogonga mkwaju, ikaamini kwamba "Africa" ni kifupisho cha herufi sita. Sakinisha tzdata, itapona. Kontena ndogo zinazotengenezwa kwa kubana nafasi ndizo zinazokosa kifurushi hiki mara nyingi.

Dalili: umeandika +03 na mashine imekataa

Miaka ya 2016 na 2017 watunzaji wa hifadhidata ya kanda za saa waliondoa vifupisho vingi vilivyokuwa vimebuniwa na wao wenyewe, wakaweka namba. Ndiyo maana ndugu yetu aliye Dubai au Muscat akiendesha date siku hizi anaona +04 na si GST. EAT ilibaki kwa kuwa inatumika kweli na watu. Basi wapo wanaotaka na sisi tutumie namba, wanaandika TZ=+03-3, na wanarudishwa UTC.

Kanuni ni kwamba kifupisho kilichoandikwa wazi kiwe cha herufi za alfabeti tu. Ukitaka tarakimu au alama, kifunge kwa mabano ya pembe, namna iliyoingia POSIX mwaka 2001:

TZ='<+03>-3' date

Alama za kunukuu usizisahau. Bila hizo terminali inaona < na kudhani unataka kusoma faili linaloitwa +03, na itakulalamikia kwamba halipo. Na usishangae kuona +03 na -3 zimekaa pamoja: ya kwanza ni lebo, inayosomwa na binadamu kwa desturi ya ISO; ya pili ni hesabu, kwa desturi ya POSIX.

Hapa kuna utata wa maneno unaostahili kusimamiwa kidogo. Kiwango kinataka kifupisho kiwe na baiti zisizopungua 3 wala kuzidi kikomo kiitwacho TZNAME_MAX, na kikomo hicho mfumo wowote hauruhusiwi kukiweka chini ya 6. Swali: mabano yanahesabiwa? Kwa <+03> haijalishi, maana ni baiti 3 ukiyaacha na 5 ukiyahesabu. Chukua sasa <+0245>. Hiki si kifupisho cha kubuni: mwanzoni mwa miaka ya 1940 Nairobi ilitumia saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich, na hifadhidata inauandikia wakati huo +0245. Ukiyaacha mabano ni baiti 5, unapita. Ukiyahesabu ni 7, na kwenye mfumo wenye kikomo cha 6 umefungiwa nje.

Ukisoma sehemu inayoeleza TZ peke yake unaweza kubishana mpaka jioni. Jibu limekaa ukurasa mwingine, kwenye maelezo ya vikomo, ambako noti fupi inasema kwamba urefu huo haujumuishi alama za kufungia. Hilo limenifunza tabia moja: sentensi ikinitatiza, kabla ya kuchagua tafsiri natafuta kila mahali ambapo neno lilelile limetumika tena ndani ya kiwango hichohicho. Mara nyingi mwandishi alijibu, ila mbali na pale ulipouliza.

Dalili: barua pepe inaonyesha saa 3 mbele

Programu ya ofisini imetuma barua yenye kichwa hiki:

Date: Tue, 12 Mar 2024 15:20:00 EAT

Mpokeaji wa Dar es Salaam anaiona imeandikwa 18:20, saa 3 ambazo hazijafika. Aliye Muscat anaona 19:20.

Kiwango cha zamani cha barua pepe, RFC 822 cha mwaka 1982 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), kilitambua vifupisho vichache: UT, GMT, na vinane vya Marekani kama EST na PDT, pamoja na herufi mojamoja za kijeshi, kila herufi ikiwa na ukanda wake. Afrika haikuwamo. Zile herufi za kijeshi zenyewe zilichapishwa na alama zilizopinduliwa. C, ambayo kijeshi ni ukanda wetu wa saa 3 mbele, ilitoka kama saa 3 nyuma. Tofauti tena ni saa 6.

Kosa hilo halikuweza kufutwa kwa kalamu, kwa sababu wengine walikuwa wamefuata maandishi na wengine desturi ya kijeshi. RFC 2822 na baadaye RFC 5322 ya mwaka 2008 zikaamua kwamba herufi hizo, na vifupisho vingine visivyotajwa, vichukuliwe kuwa sawa na -0000, isipokuwa kama kuna taarifa ya nje inayothibitisha maana yake. EAT inaangukia hapo. Msomaji mtiifu anaichukua 15:20 kama UTC, na hapo ndipo saa 3 zinapozaliwa.

Lakini angalia ile "isipokuwa". Taarifa ya nje ni ipi? Programu yenye jedwali lake la vifupisho inaweza kudai kwamba jedwali ndilo taarifa hiyo, ikaisoma EAT vizuri. Programu isiyo na jedwali inaisoma kama -0000. Zote mbili zinaweza kusimama mbele ya kiwango na kusema zimetii. Usimlaumu mpokeaji. Kosa ni la mtumaji: kwa upande wa kuandika, kiwango hakiruhusu tena vifupisho, kinataka +0300. Rekebisha programu inayotuma.

Na -0000 si +0000 iliyoandikwa vibaya. +0000 inadai kwamba mahali husika panafuata UTC. -0000 inasema saa ni ya UTC, ila mahali mtumaji alipo hapajulikani. RFC 3339 ya mwaka 2002 ilichukua wazo hilohilo kwa maandishi ya -00:00, wakati ISO 8601 haiyakubali kabisa. Mwaka 2024 RFC 9557 ilisawazisha kwa kuipa herufi Z, inayowekwa mwishoni mwa saa kuonyesha UTC, maana hiyo ya "mahali hapajulikani". Kama mfumo wako unatumia Z kumaanisha "mteja yuko London", ufikirie upya.

Tatizo la neno "inapaswa"

Viwango hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, na nguvu ya kila sentensi imebebwa na neno moja dogo. Shall na must ni amri. Should ni ushauri mzito: unaweza kuuacha ukiwa na sababu unayoweza kuitetea. May ni ruhusa. RFC 2119 ya mwaka 1997 ndiyo iliyoyapanga maneno hayo kwa upande wa intaneti.

Tunapoelezana kwa Kiswahili, mara nyingi yote mawili ya kwanza tunayaita "inapaswa". Hapo nimeona timu zikigombana bure. Mmoja amesoma "inapaswa kuchukuliwa kama -0000" akaisikia amri, mwenzake akaisikia kama ushauri. Ndani ya timu yangu tumekubaliana: shall ni "lazima", should ni "yafaa", may ni "ruksa", na "inapaswa" hatuitumii kwenye hati. Kuna neno la nne linalosahaulika, lile la kusema tafsiri ya kitu "haijabainishwa". POSIX inalitumia kwa kifupisho chenye baiti chini ya 3 au zaidi ya kikomo. Maana yake si kwamba ni marufuku; ni kwamba kila mashine itafanya inavyojua, na hutakuwa na wa kumshtaki.

Dalili: logi za Windows zinavunjika kwenye safu ya mwisho

Badala ya EAT unakuta "E. Africa Standard Time", yenye nafasi ndani yake, na programu inayokata mistari kwa nafasi inachanganyikiwa. Kiwango cha lugha ya C kinasema %Z itoe jina la ukanda wa saa au kifupisho chake. Hiyo "au" inatosha kuwapa Windows haki ya kutoa jina refu. Andika %z kwenye logi.

Dalili: mkutano umepangwa kwa BST na watu wamekosana kwa saa 5

Ndugu wa Uingereza anaandika BST akimaanisha saa za kiangazi za kwao, UTC+1. Orodha ya zamani ya vifupisho ndani ya lugha ya programu ya Java inaipeleka BST Asia/Dhaka, UTC+6. CST ni Chicago, ni China, ni Cuba. IST ni India, Israeli na Ireland. Hakuna kiwango kitakachoamua ugomvi huu, kwa hiyo usipoteze siku ukikitafuta: uliza mji. Hata jina la nchi halitoshi. Anayesema "saa za Kongo" anaweza kuwa Kinshasa, UTC+1, au Goma, Bukavu na Lubumbashi, UTC+2.

Kurekebisha yaliyokwisha kuandikwa

Kama mfumo ulihifadhi saa kwa sekunde tangu 1970, una bahati: ndani mwake hakuna kilichoharibika, ni maonyesho tu. Badilisha TZ na kila kitu kitajipanga.

Kama ulihifadhi maandishi, kazi ipo. Kule bekari kila risiti ilikuwa na "EAT" mwishoni, kabla na baada ya marekebisho, kwa hiyo lebo haikuweza kuniambia zipi niziongezee saa 6. Tuliacha nakala ya awali bila kuigusa, tukapanga risiti kwa namba zake za mfululizo badala ya saa, kisha tukashuka mstari kwa mstari mimi na mhasibu. Namba 4118 ilikuwa imeandikwa 10:41. Namba 4119 ilikuwa 16:43. Mikate miwili ya dakika zilezile, na kati yake saa 6 ambazo hazikuwahi kupita. Kila kilicho juu ya mstari ule tuliongeza saa 6, pamoja na tarehe pale ilipobidi, na mauzo ya alfajiri ya tarehe 1 yakarudi kwenye mwezi wake.